Baba aliniachia mbuzi pamoja na kisu

BARUA

Mama Mshauri, pokea salamu zangu za heshima kutoka Walungu, huku Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina mke na watoto, na ninaishi katika shamba la marehemu baba yangu, aliyetutoka mwaka jana. Kabla ya hapo nilikaa Bukavu kwa muda mrefu, upande wa Kadutu, ambako nyama niliijua ikiwa imekwisha kukatwa na kutundikwa buchani, na hata kuku wa Noeli alichinjwa na kijana wa jirani nyuma ya nyumba kabla sisi hatujatoka kanisani. Baada ya mazishi ilinibidi kurudi kijijini, kwa kuwa mama yangu amezeeka na mshahara wangu hautoshi kulipa nyumba ya mjini huku nikiwalisha watu wa pande mbili. Nilikuta mbuzi, sungura, kuku wachache, na wale simbilisi, wanyama wadogo wasio na mkia, au kobayi kama wengi wanavyosema hapa Kivu, ambao baba aliwapenda kuliko mifugo yote. Alipenda kusimulia kwamba wakati wa vita ng'ombe wake waliporwa wote, lakini simbilisi walisalia kwa sababu walikaa jikoni karibu na mafiga, na mtu aliweza kukimbia nao ndani ya kikapu.

Baba ndiye aliyekuwa akichinja. Sasa kazi hiyo imekuwa yangu, wala hakuna aliyeniuliza kama ninaiweza. Simbilisi huzaana upesi, madume wakiwa wengi hupigana, banda hujaa, na karibu kila juma wengine hawana budi kwenda sufuriani. Hicho ndicho kitoweo cha watoto wangu, nami sina ugomvi na jambo hilo. Jirani mmoja alinifundisha namna ya kufanya, na sidhani kama ninawatesa. Lakini siku ya kuchinja, tangu asubuhi, tumbo hunikaza, darasani nasikia sauti za wanafunzi bila kuelewa wanachosema, na jioni baada ya kumaliza ninanawa mikono hata pale ambapo imekwisha kutakata. Mezani ninakula kidogo, ili mke wangu asiniulize swali.

Kilichonisukuma kukuandikia ni mbuzi wa binti yangu, mwenye umri wa miaka 8. Mbuzi huyo alifiwa na mama yake siku aliyozaliwa, na binti yangu akamlea kwa chupa mpaka akawa mkubwa anayemfuata hadi njia ya shule. Katika mvua za mwisho aliteleza akaangukia mtaro tuliouchimba kuzuia mmomonyoko, mguu wa nyuma ukavunjika na mfupa ukatokeza nje. Fundi wa mifugo alikuja, akamtazama, akasema hakuna la kufanya. Nilimchinja mwenyewe wakati binti yangu alikuwa shuleni. Aliporudi nilimweleza ukweli. Hakulia; aliniuliza tu, "Papa, alikutazama?" Sikumjibu, na mpaka leo sijamjibu.

Baba mdogo, ambaye shamba lake linapakana na letu, alicheka mbele ya watu akasema kwamba mwanaume anayesikitikia mbuzi hawezi kuongoza nyumba. Yeye huchinja huku akipiga hadithi.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo sijamwambia mtu. La kwanza ni harufu ya damu. Nilikuwa mtoto wa shule vita vilipoingia mwaka 1996, na kuna niliyoyaona njiani tukikimbia ambayo siwezi kuyaandika hapa; harufu ile hunirudisha kule, na usiku siku ya kuchinja usingizi huwa wa kukatika. La pili ni kinyume chake. Juzi nilimuua sungura huku nikiwaza karatasi za mtihani nilizokuwa sijasahihisha, na nilipomaliza nikagundua kwamba sikuhisi chochote. Mama, hilo lilinitisha kuliko huzuni yote. Ugonjwa ni upi, kuhisi au kutohisi? Je, niuze wanyama wote niwe nanunua nyama sokoni kama zamani?

Mwalimu, Walungu

JIBU

Mwalimu mpendwa, na pole kwa kumpoteza mzee.

Nianze na siku ile ya sungura, kwa sababu naona ndiyo inayokukosesha raha zaidi, ingawa mimi naihofia kwa uchache kuliko mengine yote uliyoyaandika. Mkono ukirudia kazi moja mara nyingi huizoea, na akili hupata nafasi ya kwenda kwingine. Daktari wa upasuaji asingeweza kumaliza siku yake bila neema hiyo. Temple Grandin, profesa Mmarekani wa sayansi ya wanyama, ambaye amefanya kazi ndani ya machinjio kwa miongo mingi, aliandika mwaka 1988 juu ya namna wafanyakazi wanavyobeba kazi ya kuua. Aliona makundi matatu. Wengi hufanya kama mashine, wakiwa wamejitenga kidogo na tendo lenyewe. Wachache huanza kufurahia ukatili, wakawapiga wanyama bila sababu na kucheka. Na wapo wanaolizungushia tendo hilo heshima ya ibada. Wale wa kundi la kwanza hakuwaona kuwa watu wabaya. Aliona kwamba kujitenga kule ni kinga. Alichokikataa ni mtu mmoja kuachwa kwenye kazi ya kuua siku zote bila kubadilishana na wengine.

Kwa hiyo usijipime kwa kuuliza, "Je, leo nilihuzunika?" Jipime kwa mikono yako. Je, umeanza kumvuta mnyama kwa mguu mmoja? Unamtupa chini? Unaacha kisu kibutu kwa sababu "atakufa tu"? Unafanya mzaha watoto wakusikie? Siku utakapojibu ndiyo, niandikie tena haraka. Mtu aliyemuua sungura kwa pigo moja la uhakika, hata kama alikuwa akiwaza alama za wanafunzi, hajamkosea sungura.

Sasa huzuni. Sitakuambia kwamba itaisha, wala sidhani kwamba itakuwa vyema ikiisha. Lakini naona katika barua yako umefunga huzuni kadhaa katika furushi moja, nami ningependa tulifungue, kwa kuwa kila moja ina dawa yake.

Huzuni ya kumuua mnyama wa kitoweo ni tofauti na huzuni ya kumuua mnyama ambaye hukutaka afe. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulienea Uingereza, na serikali ikaamuru mifugo kuuawa, zaidi ya milioni 6, wengi wao wakiwa wazima lakini waliokuwa karibu na wagonjwa. Wafugaji wa kule ni watu ambao kila mwaka hupeleka kondoo machinjioni bila kulia. Hata hivyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster walipowaomba watu 54 wa Cumbria waandike shajara kila juma kwa miezi 18, walikuta majonzi, ndoto za kutisha na kumbukumbu zinazorudi zenyewe, hata kwa madereva na madaktari wa mifugo ambao hawakuwa na kondoo wao. Kilichowavunja ni kuua ambako hakukumlisha mtu na kulikovunja kazi ya maisha. Wafugaji wa nguruwe wa huku kwetu wanaijua hali hiyo kila homa ya nguruwe inapopita na kufagia mabanda.

Mbuzi wa binti yako yuko upande huo. Hukumfuga ili aliwe mwezi ule. Alikuwa mnyama wa mtoto, na ulimuua kwa sababu kumwacha hai na mfupa ukiwa nje kungekuwa kumtesa kwa siku kadhaa kabla ya kufa kwa kidonda. Kumhuzunikia ni haki yako na ya mtoto, wala usilichanganye na suala la simbilisi. Kama nyama yake ililiwa, usimlazimishe binti kuila, na usimdanganye kuwa ni ya mnyama mwingine.

Nikija kwenye swali lake, nadhani unalijua jibu. Kama mbuzi alikutazama, mwambie ndiyo, alinitazama. Kisha mweleze yaliyo kweli. Mbuzi huogopa kukimbizwa, kelele, kutengwa na wenzake, na mikono asiyoizoea. Wewe ulikuwa mtu anayemjua, nyumbani kwake. Mishipa mikubwa ya shingo ikikatwa pande zote mbili kwa mara moja, ubongo wa mnyama wa aina hii hukosa damu na fahamu hutoka haraka. Kwa kondoo wamepima sekunde 14 hivi, na mbuzi hawako mbali na hapo. Kurusha miguu kunakofuata ni kazi ya uti wa mgongo, mnyama mwenyewe akiwa hayupo tena kuhisi. Mtoto wa miaka 8 aliyelea mbuzi kwa chupa ana uwezo wa kusikia maneno hayo, na ukimya wako unamwachia kujazia mwenyewe, naye atajazia mabaya zaidi kuliko yaliyotokea.

Naona pia kwamba wewe mwenyewe huna hakika. Umeandika, "Sidhani kama ninawatesa." Neno hilo "sidhani" ndilo linalonawa mikono mara nyingi. Ukitaka tumbo litulie, geuza "sidhani" kuwa "najua," na hilo hupatikana kwa ujuzi. Kwa mbuzi, kisu kiwe na makali ya kukata unywele, kisiwe na pengo hata moja, na urefu wa makali uwe angalau mara mbili ya upana wa shingo, ili mkato uwe mmoja bila kusokota ncha ndani ya jeraha. Kinoe jana yake, wala usikinoe mbele ya mnyama. Asikimbizwe, mlete na mwenzake hadi karibu, ili asipaaze sauti kwa upweke, kisha mwenzake aondolewe dakika ya mwisho asione. Kabla ya kuanza kuchuna, gusa mboni ya jicho kwa kidole: kope isipocheza kabisa, na kifua kisipovuta pumzi, basi amekwisha. Jaribio hilo dogo litakupa utulivu ambao maneno yangu hayawezi kukupa. Zaidi ya hayo, mnyama aliyehangaishwa sana humaliza nguvu iliyohifadhiwa katika misuli yake, na nyama yake huwa nyeusi, ngumu na huharibika upesi. Kwa hiyo hata mlaji asiye na huruma ana sababu ya kutaka mnyama afe kwa utulivu. Ng'ombe ni jambo jingine, kwa kuwa damu huendelea kufika ubongoni mwake kupitia mishipa iliyofichwa ndani ya mifupa ya shingo, na fahamu zake zinaweza kukawia. Huyo usimguse peke yako. Kwa sungura na simbilisi, mwombe yule fundi wa mifugo akae nawe siku moja akutazame unavyofanya, badala ya kutegemea alichokuonyesha jirani pekee. Na mnyama aliyekufa ghafla mwenyewe, hasa akitokwa damu puani au nyuma, usimpasue kabisa, maana kimeta huua na watu.

Ipo njia nyingine ya kupunguza uzito huo, nayo sijui kwa nini watu hawaisemi: ua wachache zaidi. Simbilisi jike hubeba mimba kwa siku 68 hivi, na anaweza kupandwa tena saa chache baada ya kuzaa ikiwa dume yumo bandani. Watoto wake majike wanaweza kushika mimba wakiwa na umri wa mwezi mmoja tu au kupita kidogo. Baba yako aliwaacha pamoja jikoni kwa sababu alikuwa na watu wengi wa kulisha na vita mlangoni. Wewe unaweza kutenga madume kwa ubao, ukawaruhusu kuingia unapotaka. Utachinja kwa hesabu ya sufuria yako, badala ya kuchinja kwa sababu banda limejaa na madume wanaumana. Nadhani utaona kwamba kuchinja unakokuchagua hakulemei kama kule unakolazimishwa na msongamano. Na chagueni mapema, wewe na binti yako, wanyama wawili au watatu wa kubaki daima. Hao wapewe majina, wengine wasipewe. Ni mpaka mdogo, lakini watoto huuheshimu kuliko sisi.

Uliniambia pia kwamba huna la kusema unaposhika kisu. Hukuliandika hivyo, ila nimelisoma kati ya mistari. Majirani zetu Waislamu hawachinji bila kulitaja jina la Mungu, na mafundisho ya Mtume Muhammad yanamtaka mchinjaji anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Sisi Wakristo tunayo Mithali inayosema kwamba mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake, lakini sala yetu tunaisubirisha hadi chakula kiwe mezani, wakati ambapo mnyama haihitaji tena. Sioni kwa nini usisali kabla. Sala fupi, ya sauti ya chini, ile ile kila mara. Hilo ndilo kundi la tatu la Bi Grandin, na kazi ya sala hiyo ni kuyazuia mawazo yako yasiende kwenye karatasi za mtihani, angalau kwa dakika moja.

Sasa niongee juu ya harufu ya damu, na hapa naomba usinisome haraka.

Mwanangu, jambo hili si la wanyama. Wanyama ni mlango tu linapopitia. Wapo maelfu ya watu wa umri wako katika Kivu hii waliokuwa watoto mwaka 1996 na 1998, wakaona wasiyopaswa kuona, kisha wakarudi shuleni kana kwamba walikuwa likizo. Mwili haukusahau. Mwanasaikolojia Mmarekani Rachel MacNair alionyesha mwaka 2002 kwamba mtu anaweza kuumizwa hata na kuua alikokufanya mwenyewe, na wengine baadaye wakaliangalia jambo hilo kwa wafanyakazi wa machinjio. Kwako wewe naona madonda mawili yanakutana mahali pamoja: la zamani, ulilolipata kwa kuona, na jipya, la kutenda. Ukiuza mbuzi wote, lile la zamani litatafuta mlango mwingine, pengine sauti ya pikipiki usiku, pengine umati wa watu barabarani. Kwa hiyo hili usilitibu kwa kisu kikali wala kwa sala fupi peke yake. Unapopanda Bukavu kufuata mshahara, pita katika kituo cha SOSAME, cha afya ya akili, kinachoendeshwa na watawa wa Kikatoliki waitwao Ndugu wa Upendo, ambako wapo watu waliosomea kuwasikiliza wenye kumbukumbu kama zako. Najua watakavyosema kijijini, kwamba huko huenda vichaa. Waache waseme. Usingizi unaokatika ni sababu ya kutosha kumwona daktari, kama vile homa ilivyo sababu ya kutosha. Na kabla ya kwenda huko, mwambie mke wako. Umemficha kwa kula kidogo mezani. Amini usiamini, ameshaona.

Wakati unasubiri msaada huo, usichinje. Nasema hivyo waziwazi. Mpe kazi hiyo kijana mwenye mikono mizuri pale kijijini, umpe fungu lake la nyama kama desturi ilivyo, nawe simama mbali mpaka kazi imekwisha na damu imefunikwa udongo. Baba yako alichinja kwa kuwa aliweza. Sijasikia kwamba aliacha wosia kuwa lazima mkono uwe wako.

Kuhusu kuuza wanyama wote, mimi nasema hapana, ingawa sitakulaumu ukiuza. Nyama ya soko la Kadutu nayo ilitoka kwa mnyama aliyeogopa mahali fulani, na pengine alisafirishwa kwa masaa mengi juu ya lori akiwa amefungwa miguu. Wa kwako, hata siku ile ya mwisho, hajatoka nje ya uwanja wako. Mbuzi ni benki yako pia, na benki hiyo si lazima uichinje: mbuzi aliye hai hulipa shule na hospitali. Basi mbuzi wabaki kwa ajili ya kuuzwa wazima na wachinjwe kwa nadra, simbilisi wapunguzwe kwa njia niliyokuambia, sungura utaamua mwenyewe.

Amebaki baba mdogo. Yeye ni mzazi wako, kwa hiyo sitakuambia umjibu mbele ya watu. Lakini mtu anayechinja huku akipiga hadithi huenda naye ana hadithi asiyotaka kuisikia; alikuwa mtu mzima mwaka 1996, na njia mliyokimbia ninyi ndiyo aliyokimbia yeye. Mwendee jioni, mkiwa wawili tu, umwombe akuchinjie mbuzi wa Noeli hii kwa kuwa wewe hutaweza, na umweleze kwa nini. Akicheka tena, umepata mchinjaji. Asipocheka, kaeni.

Mama Mshauri